Kutoka Manyovu Hadi Ukumbi wa Msekwa

Operesheni Kigoma ilianza mwaka 1972. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ilipitishwa na Bunge mwaka 1975. Katika miaka hiyo mitatu ya katikati, Waha wengi wa nyanda za juu, waliozoea kuishi kila kaya kwenye kilima chake huku migomba ikiizunguka nyumba, walikuwa wamekwisha kuondolewa na kupangwa kwa mistari kandokando ya barabara. Mswada ulipofika bungeni haukuwa na la kuuliza. Chama kilikwisha kuamua: mkutano mkuu wa TANU wa 1973 ulitaka kazi yote iwe imekamilika kufikia mwisho wa 1976, na Novemba mwaka huohuo Mwalimu Nyerere akatangaza kuwa kuishi vijijini sasa ni amri. Wabunge waliachiwa kazi ya kukipa jina kitu kilichokwisha kutendeka.

Wilaya ya Buhigwe haikuwapo wakati huo. Ilimegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, pamoja na Kakonko iliyotoka Kibondo na Uvinza iliyotoka Kigoma Vijijini. Jimbo lake la uchaguzi liliendelea kuitwa Manyovu mpaka 2015. Lakini watu ni walewale, na mazoea yao na serikali ni ya zamani. Miaka ya 1930 wazee wao, hasa wa upande wa Kibondo, walikusanywa katika makazi maalumu kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Miaka ya 1970 wakakusanywa tena kwa sababu ya maendeleo. Mara zote mbili hakuna aliyepanda kilima kuwasomea rasimu na kuwauliza wanasemaje.

Ukizitazama sheria za nchi hii ukiwa Manyovu, mpakani na Burundi, unaona mpangilio ambao mtu wa Dar es Salaam huenda asiuone: amri hutangulia, sheria hufuata, na maoni ya mwenyeji huja mwisho, kama yatakuja. Kamati za Bunge ndicho chombo kilichowekwa kuupindua mpangilio huo. Zimefaulu mara chache. Na katika kufaulu na kushindwa kwake, watu wa Kigoma wamekuwamo kuliko ambavyo ungetegemea kwa mkoa ulioachwa nyuma kiasi kile.

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilikutana kwa mara ya kwanza tarehe 7 Desemba 1926, Gavana Donald Cameron akiwa kwenye kiti. Wajumbe walikuwa 20, wote wateule wake, wengi wao maofisa wa serikali, na waliobaki Wazungu na Wahindi wa biashara na mashamba. Meja William Lead, aliyekuja kuwa sauti kuu ya wenye mashamba ya mkonge, alipata kuketi humo. Mwafrika hakuwamo hata mmoja mpaka 1945, walipoteuliwa Chifu Abdiel Shangali wa Machame na Chifu Kidaha Makwaia wa Usukuma. Kwa hiyo kwa karibu miaka 20 sheria za kazi, za kodi ya kichwa na za mikataba ya manamba zilijadiliwa na waajiri pamoja na serikali yao, huku wanaoajiriwa wakiwa njiani kutoka Kasulu na Kibondo kwenda Tanga. Chama cha wenye mkonge kilipoanzisha ofisi yake ya kuandikisha vibarua mwaka 1944, SILABU, Buha, nchi ya Waha, ilikuwa miongoni mwa nchi ilizozitegemea sana. Waha walikata mkonge wa wajumbe wa Baraza; maoni yao hayakuhitajika.

Uhuru uliwajaza Waafrika ukumbini, ila haukulipa Bunge nguvu ambayo wengi waliitarajia. Mfumo wa chama kimoja ulipoingia 1965, mjadala wa kweli ulihamia kwenye vikao vya chama, na mwaka 1975, mwaka uleule wa sheria ya vijiji, Katiba ikarekebishwa ili chama kishike hatamu rasmi. Kamati za Bunge zilikuwapo. Sitazizungumzia sana, kwa kuwa kamati ya Bunge lisilo na la mwisho hufanana na mzee wa ukoo anayeitwa arusini baada ya mahari kulipwa: anaheshimiwa, anakula, na hakuna anachoweza kubadilisha.

Mabadiliko yalianzia nje ya Bunge, na yalianza na ardhi. Januari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume ya kuchunguza masuala ya ardhi, akamweka Profesa Issa Shivji kuwa mwenyekiti. Malalamiko yalikuwa yamefurika. Watu waliohamishwa na Operesheni za miaka ya 1970 walikuwa wakidai mashamba yao ya zamani, na wale waliogawiwa mashamba hayo wakawa na hoja kwamba serikali ndiyo iliyowapa. Tume haikuketi mjini ikangoja barua. Ilifanya mikutano ya hadhara 277, vijijini na mijini, iliyohudhuriwa na watu wapatao 83,000. Kwa wengi wa waliohamishwa hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu mwenye karatasi ya serikali kuja, kukaa, na kuandika maneno yao bila kuwapa agizo.

Taarifa ilikabidhiwa Novemba 1992. Mwezi uliofuata, Bunge lilipitisha sheria ya umilikaji wa ardhi katika vijiji vilivyoanzishwa, ambayo kwa kalamu moja ilifuta haki za kimila za watu walionyang'anywa mashamba wakati wa Operesheni na kuwafungia mlango wa mahakama. Yaani serikali iliyowatuma wasikilizaji ilikuwa inatunga sheria wakati wasikilizaji bado wanapangusa vumbi la safari. Mkulima mmoja wa kaskazini na mwanawe wakaipeleka mahakamani, na Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikaamua kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na vifungu vikuu vya sheria ile vikaanguka. Iliishi miaka miwili.

Naitaja kesi hiyo kwa sababu sura yake imejirudia mara nyingi tangu hapo. Mswada unakimbizwa, unapita kwa shangwe, halafu hoja zilezile ambazo zingesemwa kwenye kamati kwa gharama ya chai na karatasi zinasemwa miaka kadhaa baadaye kwa gharama ya mawakili.

Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 4 na 5 za 1999, zilikwenda kwa mwendo mwingine. Pendekezo kubwa la Shivji, kwamba ardhi itoke mikononi mwa Rais na kuwekwa chini ya mikutano ya vijiji, lilikataliwa tangu sera ya 1995. Hata hivyo mswada wenyewe ulizunguka miaka kadhaa kabla ya kupita Februari 1999, na mashirika ya wanawake yakautumia muda huo vizuri. Wanasheria na wanahabari wanawake waliungana, wakausoma mswada kifungu kwa kifungu, wakaenda Dodoma kuwakabili wabunge. Leo haki ya mwanamke kumiliki ardhi sawa na mwanamume imo katika sheria zote mbili. Mjane wa Munanila au Muyama, huko Buhigwe, anayesimama mbele ya baraza la ardhi la kijiji akidai shamba la kahawa aliloachiwa na mumewe anasimama juu ya kazi hiyo, hata kama hajawahi kusikia kwamba ilifanyika.

Hapa inafaa kueleza njia ya mswada, maana wengi huuona ukumbini tu, siku wabunge wanapopiga meza. Ukishachapishwa katika Gazeti la Serikali na kusomwa Mara ya Kwanza, Spika huupeleka kwa kamati ya kudumu inayohusika. Kamati hizo zina mizizi yake katika ibara ya 96 ya Katiba. Kamati humwita waziri aeleze, huwaita wadau watoe maoni, kisha hukaa na serikali kuvutana juu ya maneno. Serikali ikikubali, huleta jedwali la marekebisho. Ukifika Kusomwa Mara ya Pili, mwenyekiti wa kamati husoma maoni yake, na baada ya hapo ni Kamati ya Bunge Zima, kifungu baada ya kifungu, watu wakiwa wamechoka. Sehemu ambayo neno la mtu wa nje ya Bunge linaweza kuingia katika sheria ni moja: kile kikao cha wadau, ambacho aghalabu hufanyika Dodoma, katika Ukumbi wa Msekwa. Serikali ikileta mswada kwa hati ya dharura, kikao hicho hubanwa kikawa cha siku moja au mbili, na wadau wanaofika ni wale wenye ofisi karibu.

Kutoka Manyovu hadi Kigoma mjini ni kilomita kama 60. Kutoka Kigoma hadi Dodoma kwa reli ni karibu kilomita 800.

Samuel Sitta alipokuwa Spika kuanzia 2005 Bunge lilianza kuonyesha meno. Kanuni mpya za 2007 zilileta maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, na wenyeviti wa kamati za hesabu wakatoka upinzani. Lakini meno hayo yalimng'ata kwanza mtu wa Kigoma. Agosti 2007 Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini, alitaka kamati teule ichunguze mkataba wa mgodi wa Buzwagi ambao Waziri Nazir Karamagi aliusaini London. Bunge likamkataa, tena likamsimamisha hadi mwaka uliofuata kwa madai ya kusema uongo. Miezi michache baadaye Rais Kikwete akamteua katika kamati ya Jaji Mark Bomani ya kupitia sekta ya madini. Februari 2008 kamati teule ya Dk. Harrison Mwakyembe iliposoma taarifa yake juu ya mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, na Karamagi alikuwa mmoja wa mawaziri walioondoka pamoja naye. Zitto alipewa uenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Mashirika ya Umma. Kwa mtu aliyetoka kutumikia adhabu, huo haukuwa mwaka mbaya.

Uchaguzi wa 2010 uliifanya Kigoma kuwa mkoa wa ajabu. NCCR-Mageuzi ilipata viti vinne vya majimbo nchi nzima, na vyote vinne vilikuwa vya Kigoma: Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini, Muhambwe na Kigoma Kusini. Manyovu haikufuata mkumbo. Ilimchagua Albert Obama Ntabaliba wa CCM. Vijana hao wa NCCR hawakuwa na idadi ya kupitisha wala kuzuia mswada wowote. Walichokuwa nacho ni kipaza sauti, na redio iliyofika mpaka Janda na Kilelema.

Aprili 2012 taarifa za kamati tatu za hesabu zilisomwa mfululizo na kufuatiwa na ukusanyaji wa saini za wabunge wa kutaka kumwondoa Waziri Mkuu Mizengo Pinda. Pinda alibaki. Mawaziri sita waliachwa nje katika baraza lililotangazwa Mei. Mwaka uliofuata, Februari 2013, Spika Anne Makinda aliifuta Kamati ya Mashirika ya Umma na kuiunganisha na Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC. Wengi waliona ni njia ya kumnyamazisha mwenyekiti wake. Kama ndivyo, hesabu ilikosewa, kwa kuwa Zitto akachaguliwa kuongoza kamati hiyo iliyonenepeshwa, na ndani ya mwaka mmoja na nusu ikaletewa mezani akaunti ya Tegeta Escrow.

Akaunti hiyo ilifunguliwa Benki Kuu mwaka 2006. TANESCO na kampuni ya umeme ya IPTL walikuwa na mgogoro juu ya kiasi ambacho shirika lilipaswa kulipia mtambo wa Tegeta, basi ikakubaliwa fedha zinazobishaniwa ziwekwe pembeni mpaka mgogoro uishe. Mwishoni mwa 2013 zilitolewa, zikaenda kwa kampuni ya PAP iliyodai imeinunua IPTL. Zilikuwa shilingi bilioni 306 kwa hesabu ya PAC. David Kafulila, mbunge kijana wa Kigoma Kusini, alilisema jambo hilo katika Bunge la bajeti la 2014 na hakuacha kulisema. Serikali ilijibu kwamba fedha hizo si za umma. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alipoteza uvumilivu, akamfananisha mbunge huyo na tumbili. Kafulila naye akamrudishia tusi la wizi, na kikao kikaingia vurugu.

Vurugu hazikumaliza neno. Kilicholimaliza ni karatasi. Uchunguzi ulipelekwa kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na kwa TAKUKURU, na taarifa ya Mkaguzi ikaja PAC. Kamati ina mamlaka ambayo watu hawayajui: kwa sheria ya kinga na madaraka ya Bunge ya 1988 inaweza kumwita shahidi, kumtaka nyaraka, na kumhoji kwa kiapo. Zitto na makamu wake, Deo Filikunjombe wa Ludewa, mmoja wa upinzani na mwingine wa CCM, waliwaita makatibu wakuu, watu wa Benki Kuu, watu wa kodi. Walifuata fedha kutoka tawi hadi tawi. Tarehe 25 Novemba 2014 amri ilitoka Mahakama Kuu ikitaka mambo yabaki kama yalivyo. Bunge likaendelea. Kesho yake taarifa ikasomwa.

Kwa siku tatu nchi ilisikiliza hesabu. Majina yalisomwa na kiasi mbele yake: majaji, viongozi wa dini, mawaziri, wanasiasa waliopokea mgawo kupitia akaunti za benki ya biashara. Waziri wa Ardhi, Profesa Anna Tibaijuka, hakukana kupokea bilioni 1.6, alisema ni mchango wa shule. Na wenyeviti wa kamati tatu za kudumu za Bunge walihusishwa: Andrew Chenge wa Bajeti, William Ngeleja wa Katiba na Sheria, Victor Mwambalaswa wa Nishati na Madini. Hapo ndipo taarifa hii ilipozidi ile ya Richmond. Bunge lilikuwa limekagua kamati zake lenyewe, na maazimio yaliyopita tarehe 29 Novemba yalitaka wenyeviti hao wavuliwe nafasi zao. Werema alijiuzulu Desemba 16. Tibaijuka aliondolewa Desemba 22. Profesa Sospeter Muhongo wa Nishati aliachia ngazi Januari 24 mwaka 2015. Pinda, ambaye PAC ilitaka naye awajibike, aliachwa na maazimio ya mwisho baada ya maridhiano ya pande mbili.

Yaliyowapata wakaguzi wenyewe ni habari nyingine. Zitto alifukuzwa CHADEMA na kuacha ubunge Machi 2015. Alirudi Oktoba akiwa mbunge wa Kigoma Mjini kwa tiketi ya ACT-Wazalendo. Filikunjombe alikufa katika ajali ya helikopta ndani ya pori la Selous tarehe 15 Oktoba 2015, siku kumi kabla ya uchaguzi. Kafulila alishindwa Kigoma Kusini, na viti vyote vinne vya NCCR katika mkoa vikapotea. Baadaye Kafulila aliingia CCM. Januari 2016 serikali ikatangaza kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena vikao vya Bunge moja kwa moja kama zamani, kwa sababu ya gharama. Mimi siamini kwamba gharama ndiyo iliyokuwa sababu kubwa.

Nirudi nyuma kidogo, kwenye mswada ambao kikao chake cha wadau kiliushinda. Aprili 2011 serikali ilileta Mswada wa Mabadiliko ya Katiba kwa hati ya dharura, umeandikwa kwa Kiingereza, nao ulikuwa wa kuwauliza Watanzania wanataka katiba gani. Kamati ya Katiba, Sheria na Utawala ikaitisha maoni Dodoma, Dar es Salaam na Zanzibar. Umati ulizidi kumbi. Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, ulijaa kelele. Zanzibar nakala ya mswada ilichanwa hadharani. Serikali ikaurudisha, ukaandikwa kwa Kiswahili, ukapitishwa Novemba mwaka huo huku wabunge wa CHADEMA wakiwa wametoka nje. Tume ya Jaji Joseph Warioba iliyozaliwa na sheria hiyo ilizunguka nchi nzima mwaka 2012, mikutano yake ikahudhuriwa na watu zaidi ya milioni moja, na mwaka uliofuata mabaraza ya katiba ya wilaya yakaijadili rasimu. Buhigwe ilikuwa ndiyo kwanza imepata wilaya yake, ikajikuta inajadili muungano wa serikali tatu kabla haijapata ofisi za kutosha. Bunge Maalumu la 2014 lilibadilisha sehemu kubwa ya rasimu ile, wapinzani wakasusa, na kura ya maoni iliyoahidiwa haikupigwa. Sijui tukio jingine katika historia yetu ambapo wengi kiasi hicho waliulizwa na majibu yao yakawekwa kabatini.

Zamu ya kuketi kwenye kiti cha mwenyekiti ilifika Kigoma tena mwaka 2016. Peter Serukamba, mbunge wa Kigoma Kaskazini kwa CCM, aliongoza Kamati ya Huduma na Maendeleo ya Jamii, na Mswada wa Huduma za Vyombo vya Habari ukaletwa kwake. Baraza la Habari, jukwaa la wahariri, wamiliki wa vyombo na watetezi wa haki za binadamu walifika Dodoma Oktoba kuomba jambo dogo: muda. Walitaka miezi kadhaa wakausome na wanachama wao mikoani. Hawakuupata. Mswada ulipita Novemba 5 na kusainiwa Novemba 16. Mashirika yakaenda Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, na Machi 2019 mahakama hiyo ikaamua kwamba vifungu kadhaa vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Juni 2023 Bunge likairekebisha sheria. Muda waliouomba wadau ulikuwa wa miezi. Serikali ilitumia karibu miaka saba kurudi kwenye hoja zilezile.

Hadithi ya Takwimu ni fupi zaidi, na inaigusa Buhigwe kwa karibu. Dk. Philip Mpango, aliyezaliwa Kasumo wilayani humo mwaka 1957, alikuwa Waziri wa Fedha, na Sheria ya Takwimu iko chini ya wizara hiyo. Septemba 2018 Bunge liliirekebisha, likafanya kuwa kosa kuchapisha takwimu zinazopingana na za serikali, kwa adhabu ya faini au kifungo. Benki ya Dunia ilisema waziwazi kwamba ina wasiwasi mkubwa. Juni 2019 vifungu hivyo vikaondolewa. Wasomaji wa mambo ya Bunge watakumbuka kilichofuatana na hatua hiyo: marekebisho yaliyoiponya Sheria ya Takwimu yalikuja ndani ya mswada mmoja uliogusa sheria nane, zikiwamo za asasi za kiraia na za makampuni, nao ulikimbizwa kwa hati ya dharura na kupitishwa Juni 27, takriban wiki moja tangu uonekane. Haraka moja ilitibiwa kwa haraka nyingine.

Mpango alichaguliwa mbunge wa Buhigwe mwaka 2020. Machi 30, 2021 Bunge lilimthibitisha kuwa Makamu wa Rais kwa kura zote 363, na kiti kikabaki wazi mpaka uchaguzi mdogo wa Mei 16 mwaka huo. Wilaya iliyozoea kupelekewa sheria imemtoa mtu aliyezipeleka sheria hizo bungeni kwa miaka mitano. Hilo ni jambo la kujivunia, ila halijamsogeza mkulima wa Munzeze karibu na Ukumbi wa Msekwa.

Yapo yaliyosogea. Februari 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, hatua iliyochelewa miaka 60. Mswada wa Bima ya Afya kwa Wote ulipoletwa mwaka 2022, kamati iliuliza swali ambalo kila kijiji kingeuliza: asiye na uwezo atalipiwa na nani, kwa fedha kutoka wapi? Jibu halikutosha, mswada ukaahirishwa, ukaletwa na kuahirishwa tena, ukapita Novemba 1, 2023. Watu walilalamika kwamba unacheleweshwa. Mimi nauona ule kuwa mwaka mzuri wa kamati, kwa kuwa swali la mgonjwa wa Biharu asiye na kadi liliulizwa na watu wenye uwezo wa kuuzuia mswada.

Lakini liliulizwa kwa niaba yake. Kamati za Bunge husafiri sana. Hufika Kigoma kukagua barabara, miradi ya maji, kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta. Hupokewa kwa ngoma, huvaa viatu vya shambani, hupiga picha na mkandarasi na kurudi. Gari linaloweza kufika kwenye daraja linaweza kufika kwenye mkutano wa kijiji likiwa na nakala za mswada, nakala za Kiswahili, na mwandishi wa kumbukumbu. Tume ya Shivji ilifanya hivyo mara 277, bila simu za mkononi na kwa barabara za miaka ya 1990. Waheshimiwa wenyeviti wa kamati hawaombwi kuzunguka nchi nzima kwa kila marekebisho ya koma. Kwa mswada mkubwa unaogusa ardhi, kilimo, uraia au afya, wachague wilaya nne za pembezoni, wakae siku moja moja kabla ya kuketi Dodoma, na moja ya wilaya hizo iwe Buhigwe.